Ahadi ya Kurudi

Maseno ni mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Busia. Mstari wa ikweta hupita hapo, na msafiri aweza kuweka mguu mmoja katika nusu ya kaskazini ya dunia, na mguu wa pili katika nusu ya kusini, asiulizwe na mtu aendako wala kama atarudi. Mstari huo ulipatikana kwa hesabu za wataalamu. Hauna lango, wala hauna askari. Lakini iko mistari mingine duniani iliyochorwa na serikali, nayo haivukwi kwa wepesi huo. Penye mistari hiyo mtu huulizwa swali moja kubwa: "Utarudi?" Nakuomba, msomaji, tufikiri pamoja juu ya swali hilo, na juu ya wajibu wa mtu anayeulizwa. Je, mtu aombaye ruhusa ya kwenda kuwaona jamaa zake katika nchi ya mbali imempasa kusema kweli, hata kama yaelekea kwamba kweli hiyo itamfungia mlango?

Haifai kulijibu swali kama hili hewani. Na tumchukue mtu mmoja, tumtazame. Mfikirie mama mjane wa Maseno ambaye bintiye alikwenda Marekani kusoma, akahitimu, akapata kazi ya uuguzi, akaolewa huko huko. Sasa binti amejifungua mtoto wake wa kwanza. Bibi amemwona mjukuu wake katika kioo cha simu; amemsikia akilia, lakini hajambeba. Binti naye, baada ya kukesha usiku mwingi, ataka mkono wa mama yake nyumbani, kama wazazi wengi walivyotaka tangu zamani. Mama haombi kuhamia. Aomba miezi mitatu tu, kisha arudi kwa ng'ombe wake wawili, shamba lake la mahindi na maharagwe, na kaburi la mumewe lililo karibu na nyumba.

Njia ya mama huyu si fupi. Kwanza hana budi kupata pasipoti. Kisha hujaza fomu ndefu kwa mtandao, na kulipa ada, ambayo mwaka 2023 ilipandishwa kuwa dola 185, nayo hairudishwi hata ombi likikataliwa. Halafu husafiri kwa basi usiku kucha hadi Nairobi, mwendo wa kilometa zaidi ya 300, akasimame mbele ya dirisha la ubalozi kwa dakika chache. Katika dakika hizo ana sheria nzito mbele yake. Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1952, katika kifungu chake cha 214(b), yamhesabu mwombaji wa viza ya matembezi kuwa ni mtu anayekusudia kuhamia, mpaka amridhishe afisa kwamba sivyo. Mahakamani mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka hatia yake ithibitishwe. Dirishani mambo ni kinyume, mzigo wa kuthibitisha umo kichwani mwa mgeni.

Na hapo ndipo penye ugumu. Mambo yaliyopita yaweza kuthibitishwa. Mambo yajayo hayawezi. Hakuna hati iwezayo kuonyesha leo kwamba mtu atapanda ndege ya kurudi baada ya miezi mitatu. Awezacho mtu kutoa ni neno lake, pamoja na ishara chache za kulitegemeza neno hilo.

Sasa tuseme kwamba, kabla ya siku ya safari, kijana wa shemeji yake anamjia mama huyu jioni, naye si kijana mbaya. Ampenda, na ataka apate kumwona mjukuu. Anamwambia:

"Mama mkubwa, ukienda na hali yako hii watakukataa. Akaunti yako ya benki haina kitu. Acha nitafute watu wakukopeshe shilingi laki tano, zikae katika akaunti yako kwa muda, kisha tuwarudishie. Tena nina rafiki awezaye kukuandikia barua kwamba una duka la vitambaa pale Luanda sokoni. Wala usitaje habari za mtoto. Sema waenda harusini. Ukitaja mtoto, watasema waenda kufanya kazi ya yaya."

"Lakini, mwanangu, huo si uongo?"

"Uongo ni kumdanganya mtu akuaminiye, mama mkubwa. Hao wamekwisha kukuhesabu mwongo kabla hujafungua kinywa. Na wewe kwa kweli utarudi. Basi maneno haya yatawafikisha kwenye kweli ambayo wenyewe hawawezi kuiona."

Msomaji, usiidharau hoja ya kijana huyu. Si hoja ya mjinga. Imesimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza, kwamba mwenye mlango hana haki ya kumuuliza mama kama anataka kumwona mwanawe. Ya pili, kwamba uongo unaoleta jambo la kweli hauna dhara. Ya tatu, kwamba mtu asiyekuamini hana dai la kuambiwa kweli. Tuzitikise nguzo hizi moja moja.

Nguzo ya kwanza yahusu haki ya mwenye mlango. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo yatuonyesha kwamba hata watu wakarimu walijua kuwa ugeni una mpaka wake, na kwamba mwenyeji ana neno la kusema juu ya urefu wa ugeni. Mwanafalsafa Mjerumani, Immanuel Kant, katika kitabu chake juu ya amani ya kudumu kilichotoka mwaka 1795, aliligawa jambo hili kwa busara. Alisema kwamba kwa kuwa dunia ni mviringo, na watu hawawezi kutawanyika ndani yake bila kikomo, lazima mwishowe wavumiliane. Kwa hiyo kila mtu ana haki ya kutembelea nchi ya wengine, asitendewe uadui maadamu aja kwa amani. Lakini haki ya kukaa, alisema, ni jambo jingine. Hiyo yataka mapatano. Kadhalika Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 13, lampa kila mtu haki ya kutoka katika nchi yoyote na kurudi katika nchi yake; na katika kifungu cha 16 laita familia msingi wa jamii. Lakini tangazo hilo halimpi mtu haki ya kuingia katika nchi ya wengine kwa matembezi tu. Mama wa Maseno, basi, ana haki ya kutoka. Hakuandikiwa haki ya kuingia.

Wala tusiseme kwamba ni nchi za mbali tu zinazouliza. Kenya yenyewe, ilipoondoa viza kwa wageni mwezi wa Januari 2024, iliweka mahali pake kibali cha safari kinachoombwa kwa mtandao na chenye ada. Ni kweli kwamba mipaka si vitu vitakatifu. Kisumu yenyewe ilikuwa ndani ya Uganda mpaka mwaka 1902, ndipo Waingereza walipousogeza mstari, na watu wa pwani hii ya ziwa wakajikuta katika nchi nyingine bila ya kuinua mguu. Lakini mlango ukiisha jengwa, na watu wakaishi nyuma yake, wana haki ya kuuliza ni nani abishaye hodi. Kwa hiyo nguzo ya kwanza yaanguka: swali lenyewe si dhuluma.

Nguzo ya pili yasema kwamba uongo huu hauna dhara, kwa sababu mama atarudi. Wengine hujibu kwa haraka kwamba dhara ni adhabu. Naam, adhabu ipo. Kwa sheria ya Marekani, mtu anayepatikana ametoa maelezo ya uongo kwa makusudi ili apate viza aweza kuzuiwa kuingia nchi hiyo maisha yake yote, isipokuwa apewe msamaha maalumu. Na Uingereza humfungia mlango mwombaji aliyedanganya kwa muda wa miaka 10. Lakini mimi sitaki kuijenga hoja yangu juu ya adhabu. Mtu anayesema kweli kwa kuogopa fimbo, siku fimbo itakapokuwa mbali atasema uongo. Dhara kubwa liko pengine.

Twende sokoni tulione. Katika masoko ya Kenya mahindi na maharagwe hupimwa kwa mkebe uitwao gorogoro. Wako wauzaji wanaobonyeza kitako cha mkebe kwa ndani, ili ubebe kidogo kuliko upasavyo. Muuzaji wa kwanza aliyefanya hivyo alipata faida. Lakini mnunuzi aliyegundua hila hiyo hakuacha kumwamini muuzaji yule peke yake. Aliacha kuiamini mikebe yote. Sasa mama mwaminifu mwenye gorogoro nzima hutazamwa kwa jicho lile lile, mkebe wake ukageuzwa huku na huku, na nyongeza ikadaiwa juu. Yeye hakuiba, lakini ndiye anayelipa.

Neno la mwombaji ni kipimo cha namna hiyo. Afisa aliyekwisha kuona barua kumi za maduka yasiyokuwapo, na akaunti kumi zilizojazwa fedha za watu wengine, atakapoiona barua ya kumi na moja, iliyo ya kweli, ataishika kwa ncha za vidole. Yule wa kumi na moja aweza kuwa jirani wa mama yetu. Aweza kuwa mwalimu mzee aendaye kumzika nduguye. Hatujui jina lake, wala yeye hajui ni nani aliyemharibia. Hivyo uongo wa mama hauwezi kuitwa wake peke yake. Neno la watu wa mahali ni kama kisima cha kijiji: hakuna mmoja aliyekichimba peke yake, na hakuna mmoja mwenye ruhusa ya kukitia taka kwa kuwa siku hiyo ana kiu kuliko wengine.

Lipo na dhara la pili, nalo ni la nyumbani. Uongo huu hauishi mdomoni mwa mama. Binti lazima aujue, ili akiulizwa asipingane naye. Mwandishi wa barua lazima aushike. Mama mwenyewe lazima alikumbuke duka lisilokuwapo, bei ya vitambaa vyake, na jina la harusi isiyofungwa. Safari iliyokusudiwa kumfikisha bibi kwa mjukuu yaanza kwa kumficha mjukuu, kana kwamba kuzaliwa kwake ni aibu. Ni jambo zito kumkana mtoto ili upate kumpakata.

Hapa niseme neno la tahadhari. Kusema kweli si kumwaga kila kilichomo moyoni. Mama hakulazimika kumweleza afisa huzuni zake zote. Alilazimika tu kutolisema lisilokuwapo. Tena yuko mtu ambaye hali yake si ya mama huyu: anayekimbia kuuawa. Kant alikaza kwamba uongo haufai hata mbele ya muuaji, na watu wengi wenye hekima hawakukubaliana naye. Mataifa yenyewe, katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, yalikubali kwamba mkimbizi atokaye moja kwa moja penye hatari ya maisha yake asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali, alimradi ajitokeze bila kukawia na kueleza sababu yake. Anayekimbia panga hapimwi kwa mizani ya anayekwenda matembezi. Lakini mama wa Maseno hakimbii kitu. Kinachomsukuma ni mapenzi, na mapenzi, hata yakiwa makubwa namna gani, hayageuzi duka la uongo kuwa duka la kweli.

Yabaki nguzo ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote: kwamba asiyekuamini hana dai la kuambiwa kweli. Yamkini mizizi ya fikira hii ni mirefu katika nchi yetu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika wa Kenya kuchukua kipande, nao wengi walikitia katika kikebe cha chuma na kukitundika shingoni. Karatasi ndiyo iliyosema kwa niaba ya mtu. Yeye mwenyewe hakusikilizwa. Watu walioonja hayo walijifunza kuitazama karatasi ya serikali kama mtego, na anayeukwepa mtego kwa hila huitwa mwerevu, haitwi mwongo. Si ajabu fikira hiyo ikarithiwa.

Lakini fikira hii haisimami. Mwenye duka akinifuata kwa macho akidhani mimi ni mwizi, je, nimepata ruhusa ya kuiba? Shaka ya mtu haiwezi kunipa haki ambayo sikuwa nayo. Nikimwibia, nimeithibitisha shaka yake. Nisipomwibia, shaka ni yake, nayo atabaki nayo. Kweli si zawadi ninayompa afisa kwa sababu amestahili. Ni namna yangu ya kusimama, na ni deni langu kwa yule aliye nyuma yangu katika foleni.

Hata hivyo, msomaji, tusimtwishe mzigo wote mama mjane na kumwacha mwenye mlango akiwa mwepesi. Anayedai kweli naye ana wajibu wake, nao ni kuifanya kweli iwe na faida. Zitazame ishara zinazoaminiwa dirishani: fedha benki, hatimiliki ya ardhi, mshahara wa kila mwezi. Hizo ni ishara za mali; si ishara za moyo. Kinachomrudisha mama wa Maseno nyumbani ni kaburi, ng'ombe wawili, chama cha akina mama anachokitunzia hesabu, na nyumba ambayo akifa ataka azikwe kando yake. Mambo hayo yamfunga kuliko mshahara unavyomfunga mtu wa mjini, lakini hayana mhuri. Hivyo neno la tajiri hupimwa kwa kilo, na neno la maskini kwa gramu, ingawa yote mawili ni maneno. Mwaka 2025 jambo hili lilionekana wazi zaidi, serikali ya Marekani ilipoanza kuwadai baadhi ya wageni kutoka nchi kadhaa, Malawi na Zambia zikiwa za kwanza, dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000, irudishwe mgeni akisha rudi kwao. Hapo ahadi ya kurudi imepewa bei, na asiyekuwa na bei hiyo hana ahadi.

Pia anayekataa imempasa kusikiliza. Uingereza ilipata kulitambua jambo hili. Tangu mwaka 2000 mtu aliyekataliwa viza ya kwenda kuwatembelea jamaa zake aliweza kukata rufani mbele ya mwamuzi mwingine, kwa kuwa ilionekana kwamba ziara ya familia si sawa na ziara ya kutazama majumba. Haki hiyo iliondolewa mwezi wa Juni 2013. Marekani haitoi rufani kwa viza ya matembezi. Aliyekataliwa aweza kuomba tena na kulipa tena. Mlango usio na sikio huwafundisha watu kutafuta dirisha la nyuma. Wenye milango wanaolalamika juu ya wingi wa waongo na wajiulize kama wao wenyewe hawakuwafundisha watu kwamba kweli hailipi. Kwamba mlango waweza kuwa mwepesi, sisi wenyewe tumeona: tangu mwaka 2014 raia wa Kenya aweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Mama yule yule, kama bintiye angalikuwa Jinja, angalipanda gari hadi Busia asubuhi, akampakata mjukuu jua halijatua.

Wengine wetu nao wana sehemu yao katika lawama. Wako waliosema, "Naenda kutembea," nao wamekwisha kukusudia kutorudi. Siwahukumu kwa kutafuta riziki. Lakini waliitoa ahadi iliyokuwa ya wote, wakaitumia peke yao. Methali husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Anayeahidi marejeo na arejee, ili mwingine naye aaminiwe.

Sasa tuseme kwamba mama yetu alimshukuru yule kijana, akaenda Nairobi na hali yake ilivyo. Alisema kwamba ana akiba ndogo, kwamba bintiye atamlipia nauli, kwamba mtoto amezaliwa naye ataka kumbeba. Na tuseme kwamba alikataliwa. Nalichagua jambo hili kwa makusudi, msomaji, kwa kuwa ni rahisi kuisifu kweli inapofungua milango. Mama amerudi Maseno kwa basi la usiku, ada imekwenda, na mtoto atakuwa ametambaa kabla hajamwona. Je, kweli yake ilikuwa bure?

Nasema haikuwa bure, ingawa sitasema kwamba haikumuumiza. Fomu itamuuliza tena mwaka ujao kama aliwahi kukataliwa. Naye atajibu yale yale bila ya kutafuta kumbukumbu. Hakuna mtu Luanda sokoni anayeishika siri yake. Bintiye aweza kulitaja jina la mtoto mbele ya afisa yeyote. Na yule wa kumi na moja katika foleni, mtu asiyemjua, hakuchafuliwa na yeye. Zaidi ya hayo, kosa lililotendeka dirishani, kama lilikuwa kosa, lilikuwa la upande mmoja tu. Angalidanganya, lingalikuwa la pande mbili, na hakuna ambaye angaliweza kulalamika.

Wewe unayesoma maneno haya darasani, yaelekea kwamba siku moja utasimama penye dirisha kama hilo, upande huu au upande ule. Huenda ukawa karani wa benki utakayeombwa kuandika salio lisilokuwapo. Huenda ukawa chifu utakayetakiwa kutia mhuri barua ya duka la hewa. Huenda ukawa afisa wa uhamiaji pale Busia, na mama mwenye kitenge kilichochakaa akakuambia kwamba aenda kumwona mjukuu wake ng'ambo ya mpaka, asiwe na cha kukuonyesha ila uso wake. Ukiwa upande wa kuulizwa, sema yaliyopo. Ukiwa upande wa kuuliza, msikilize hata amalize.